Dawa ya SS: utafiti wa Profesa Tshilolo ulitoa jibu tangu 2019, Mashariki bado inangoja

Swali kubwa kuhusu matibabu ya ugonjwa wa SS barani Afrika lilipata jibu Januari 2019. Jibu hilo lilitoka katika The New England Journal of Medicine, jarida la udaktari linalosomwa dunia nzima, na jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi lilikuwa la Mkongomani: Léon Tshilolo, daktari wa watoto na mtaalamu wa magonjwa ya damu katika hospitali ya Monkole, Kinshasa. Yeye na wenzake walionyesha kwamba dawa inayomezwa mara moja kwa siku, hidroksiyurea, inapunguza maumivu, malaria, uhitaji wa kuongezewa damu na hata vifo kwa watoto wenye ugonjwa huo.

Miaka imepita. Nje ya vituo vichache, hasa vya miji mikubwa, dawa hiyo bado haijaingia katika matibabu ya kila siku ya mtoto wa RDC. Kwa mama wa Kindu, Bunia ama Kalemie ambaye mtoto wake analia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, makala ya jarida haibadilishi kitu mpaka vitu vitatu vipatikane karibu naye: kipimo cha kujua mtoto ana nini, dawa inayopatikana mwezi huu na mwezi ujao, na muuguzi wa kumpima damu kila mara. Watafiti wamefanya sehemu yao kubwa. Sehemu iliyobaki ni ya bajeti, barabara na uamuzi wa viongozi.

Ugonjwa wenyewe unajulikana karibu katika kila familia kubwa. Wakongomani wengi huuita SS, madaktari huuita drepanositozi, na majirani wa Tanzania huuita selimundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinageuka ngumu na kupinda kama mundu. Zinakwama katika mishipa midogo, na pale zinapokwama ndipo maumivu yanapoanza. Kwa mtoto mdogo dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba mikono na miguu. Chembe hizo pia hufa upesi: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ile ya mundu huishi wiki mbili ama tatu. Ndiyo sababu mtoto anaishiwa damu, macho yanageuka manjano, na familia inajikuta hospitalini kila mara ikitafuta mfuko wa damu. Wengu, kiungo kinachosaidia kupambana na vijidudu, unaharibika mapema, hivyo homa ndogo inaweza kumuua mtoto kwa siku moja. Wengine wanapata kiharusi kabla hata ya kuanza shule ya msingi.

Kazi ilianza kwa kuhesabu

Kabla ya kuzungumzia dawa, Tshilolo na wenzake walitaka kujua watoto wenyewe ni wangapi. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya upimaji wa watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa. Njia yao ilikuwa rahisi kueleza: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto, karatasi maalum, karatasi inakaushwa na kupelekwa labo. Asilimia 16.9 ya watoto hao walikuwa na chembe moja ya urithi ya ugonjwa, yaani AS: hawaumwi, ila wanaweza kuirithisha. Asilimia 1.4 walikuwa SS, wagonjwa kamili.

Asilimia 1.4 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Katika maternite ni mtoto mmoja kwa kila watoto 70 hivi. Zone ya afya yenye kiwango hicho, ambako watoto 7,000 wanazaliwa kwa mwaka, inapata wagonjwa wapya karibu 100 kila mwaka, na wengi wao watarudi nyumbani bila yeyote kujua.

Kwa upande wa Mashariki, Kisangani ndiyo iliyochunguzwa vizuri zaidi. Timu ya Batina Agasa ilichapisha mwaka 2010 matokeo ya watoto wachanga wa mji huo: karibu asilimia 23 walikuwa AS na karibu asilimia 1 walikuwa SS. Utafiti huo ulikuwa wa watoto 520 tu, kwa hiyo hiyo asilimia 1 isichukuliwe kama kipimo kamili, lakini picha ni ileile ya Kinshasa. Katika nyanda za juu za Kivu, ambako mbu wa malaria ni wachache, SS huonekana kidogo zaidi kuliko katika mabonde na misitu ya Maniema, Tshopo, Ituri ama Tanganyika. Hilo limewafanya wengine mjini Goma na Bukavu kudhani kwamba ni ugonjwa wa watu wa Magharibi. Miaka 30 ya watu kuhama kwa ajili ya vita imeshachanganya hesabu hiyo, na daktari wa Goma anayengoja kuona mgonjwa wa kabila fulani kabla ya kufikiria SS atachelewa.

Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wengi, ya mwaka 2010, yanasema watoto karibu 40,000 wenye SS huzaliwa RDC kila mwaka. Ni nchi mbili tu zinazoizidi: Nigeria na India. Makadirio mengine, yaliyochapishwa mwaka 2011, yanasema kwamba katika Afrika kati ya nusu na asilimia 90 ya watoto hao hufa kabla ya kutimiza miaka 5 pale ambapo hakuna matunzo. Pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa mno, na sababu yake inajulikana: mtoto asiyepimwa haandikwi popote kwamba amekufa kwa SS. Kwenye cheti inaandikwa malaria, anemia ama homa.

Dawa ya zamani, hofu mpya

Hidroksiyurea haikuvumbuliwa kwa ajili ya SS. Ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikakaa karibu miaka 100 bila kazi kubwa, kisha ikaruhusiwa Marekani mwaka 1967 kwa matibabu ya aina kadhaa za kansa. Baadaye madaktari waligundua jambo ambalo hawakulitafuta: dawa hii inaamsha tena hemoglobini F, ile ambayo kila mtoto anakuwa nayo tumboni mwa mama. Hemoglobini hiyo haipindi. Ikiwa nyingi ndani ya chembe, inaizuia hemoglobini S isigandamane.

Mwaka 1995 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba watu wazima waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache zaidi. Mwaka 1998 iliruhusiwa huko kwa watu wazima wenye SS. Tafiti za watoto zikafuata. Katika nchi tajiri mjadala ukawa umekwisha.

Kwa Afrika haukwisha, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Dawa hii inashusha chembe nyeupe, askari wa mwili. Ni jambo moja kufanya hivyo kwa mtoto wa Cincinnati, ni jambo lingine kwa mtoto wa Kinshasa anayeumwa na mbu kila usiku. Kulikuwa pia na swali la lishe, na swali kama dawa ingefanya kazi sawasawa hapa. Aina ya urithi inayopatikana sana katika Afrika ya kati, ile wataalamu wanayoiita ya Kibantu, huambatana na hemoglobini F ndogo na ugonjwa mkali zaidi. Nani angehakikisha kwamba dawa haitawaua watoto ambao malaria ingewabakiza hai?

Jibu la kwanza lilitoka Kampala mwaka 2017, katika utafiti wa watoto 208 ulioitwa NOHARM: malaria haikuongezeka kwa waliotumia dawa. Utafiti wa Tshilolo, ulioitwa REACH, ulikuwa mkubwa zaidi na ulifanyika katika nchi nne kwa wakati mmoja: Kinshasa, Luanda, Mbale mashariki ya Uganda na Kilifi kwenye pwani ya Kenya. Wenzake walikuwa Brígida Santos wa Angola, Peter Olupot-Olupot wa Uganda, Thomas Williams wa Kilifi na Russell Ware wa Cincinnati, miongoni mwa wengine. Watoto 635 wa umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 10 waliandikishwa, na 606 kati yao wakaanza dawa.

Namba zilizobadilisha mjadala

Ili kuelewa matokeo, inafaa kufikiria watoto 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kabla ya dawa, watoto hao wangepata vipindi vya maumivu 98.3. Wakiwa kwenye dawa vilikuwa 44.6. Malaria ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9, na maambukizo mengine kutoka 142.5 hadi 90. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43.3 hadi 14.2. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Namba ya malaria ndiyo iliyowashangaza wengi. Watu waliogopa ingepanda. Ilipungua kwa nusu. Maelezo ya uhakika ya jambo hilo bado yanajadiliwa. Kuhusu sumu ya dawa, watafiti walikuwa wamejiwekea mapema kikomo cha usalama kwa watoto ambao wangepata tatizo la damu la kulazimisha dawa isimamishwe katika miezi mitatu ya kwanza. Waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 5.1.

Matokeo mazuri hivi yanahitaji kusomwa kwa makini, na makala yenyewe haifichi udhaifu wake. Hakukuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe katika miezi miwili kabla ya kuanza. Miezi miwili ni muda mfupi, na vifo vilivyotokea ndani yake ni vichache kwa hesabu, kwa hiyo namba ya vifo ina nguvu ndogo kuliko ile ya maumivu ama ya damu. Isitoshe, mtoto aliyeingia katika REACH alipata kitu ambacho mtoto wa kawaida hapati: kuonwa na daktari kwa ratiba, kupimwa damu, simu kwa mzazi akikosa kuja. Sehemu fulani ya nafuu yake inaweza kuwa imetokana na matunzo hayo. Wakosoaji waliosema hivyo hawakukosea. Ila kupungua kwa kuongezewa damu kwa theluthi mbili ni vigumu kukueleza kwa ziara za daktari peke yake, hasa kwa kuwa vipimo vya labo vilionyesha hemoglobini F ikipanda kama dawa inavyotakiwa kufanya.

Kwa nini madaktari hawakuweka kundi lisilo na dawa? Kwa sababu faida yake ilikuwa imeshathibitishwa kwingine, na kumnyima mtoto kwa miaka ili kupata jedwali safi kungekuwa tatizo la maadili.

Kidonge na mfuko wa damu

Kwa msomaji wa Mashariki, namba muhimu kuliko zote katika makala ile huenda ni ya damu. Mtu yeyote aliyewahi kulala hospitalini na mtoto wa SS anaijua shughuli hiyo. Daktari anasema damu inahitajika. Friji ya damu iko tupu, ama ina kundi lingine. Baba anapiga simu kwa ndugu, kanisani, kwa wenzake wa kazi. Mtoaji akipatikana, damu yake lazima ipimwe VVU, hepatiti na kaswende, na vipimo hivyo vikikosekana ndipo mtoto anaponea ugonjwa mmoja na kuondoka na mwingine. Timu ya Kisangani iliyopima watoto wachanga iliuliza swali hilohilo katika kichwa cha makala yake: ugonjwa huu una athari gani kwa mpango wa damu?

Vita vinaufanya mzigo huo kuwa mzito zaidi. Tangu AFC/M23 ilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, watu wamekuwa wakihama, majeruhi wanahitaji damu ileile, na vifaa vya hospitali vinapita njia ndefu. Damu inataka friji, umeme, vitendanishi na mtoaji mwenye afya. Hidroksiyurea haitaki friji. Gunia la dawa linaweza kupita mahali ambapo kasha la barafu haliwezi. Katika jimbo lenye vita, dawa inayopunguza uhitaji wa damu kwa theluthi mbili si anasa ya hospitali kubwa, na ajabu ni kwamba hoja hii husikika mara chache pale misaada ya dharura inapopangwa.

Kuna upande wa pili ambao haupaswi kufichwa. Dawa hii hufanya kazi kwa muda inaomezwa tu. Ikikatika, hemoglobini F inashuka tena na mtoto anarudi alikokuwa. Anayeanzisha matibabu bila uhakika wa dawa ya miezi ijayo anampa mzazi matumaini na gharama bila faida. Pia kipimo cha chembe za damu ni lazima kabla ya kuanza na baada ya hapo kila mara, maana chembe nyeupe ama chembe za kugandisha damu zikishuka mno dawa inasimamishwa kwa muda. Mzazi asiinunue mwenyewe katika duka la dawa na kukisia kiasi.

Kiasi chenyewe kina mjadala. REACH ilianza na miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, kisha ikapandisha kidogo kidogo. Utafiti mwingine wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida lilelile, uliwalinganisha watoto 187: wengine walibaki kwenye miligramu 20 hivi, wengine wakapandishwa hadi karibu 30. Waliopandishwa walifanya vizuri zaidi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Kwa hospitali yenye labo jibu ni wazi: pandisha. Kwa kituo cha afya cha Walikale ama Kasongo, ambako kupima damu kila mwezi ni ndoto, kubaki kwenye kiasi cha chini kunaweza kuwa njia pekee inayowezekana, na mtoto atanufaika, ingawa si kwa kiwango cha juu. Wataalamu wanaopenda ukamilifu hawalipendi jibu hilo. Kati ya kiasi kidogo na kutopewa kitu, mzazi hatakawia kuchagua.

Kisha kuna jambo dogo la kapsuli. Kapsuli ya kawaida ni ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 15 anahitaji kama 300 kwa siku. Kapsuli haikatwi kwa kisu, na unga wake haufai kushikwa ovyo na mama mjamzito. Vidonge vya watoto vya miligramu 100 vipo duniani. Nchi inayoagiza za 500 peke yake imewaacha nje watoto wadogo, ambao ndio wanaokufa zaidi.

Hofu ya wazazi kwamba dawa hii huleta kansa, kwa kuwa ilianzia kwa wagonjwa wa kansa, nayo inastahili jibu. Wagonjwa wa SS wa Marekani na Ulaya wamefuatiliwa kwa miaka mingi, na ongezeko la wazi la kansa kwa sababu ya dawa halijaonekana. Kwa vijana wa kiume inaweza kupunguza mbegu, na kwa wanawake haishauriwi wakati wa mimba. Mambo hayo daktari anapaswa kuyasema mapema, bila kungoja kuulizwa.

Mama peke yake hana kosa

Katika familia nyingi, kabla ya hospitali kuna lawama. Mtoto anaumwa kila mwezi, wa pili naye hivyohivyo, na ukoo wa mume unaanza kumtazama mke. Wengine wanasema uchawi, wengine damu mbaya ya upande wa mama. Ndoa zimevunjika kwa hilo.

Sayansi ililijibu neno hilo zamani, na kwa damu ya Wakongomani wenyewe. Mwaka 1955, Vandepitte na wenzake walichapisha utafiti wa akina mama wa Kongo ya Wabelgiji waliokuwa na watoto wagonjwa, wakitafuta kujua kama ugonjwa unaweza kuzuka wenyewe kwa mtoto. Waligundua kwamba kuzuka wenyewe hakuwezi kueleza wingi wa ugonjwa huu. Unarithiwa, na mtoto wa SS amepokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Wazazi wawili wa AS wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS katika kila mimba, na mume akioa mwingine aliye AS, hatari ni ileile.

Wingi wenyewe una sababu. Mtu wa AS hulindwa kwa sehemu dhidi ya malaria kali, kwa hiyo mahali penye mbu wengi AS wamebaki wengi kizazi baada ya kizazi. Ulinzi huo haumfuati mtoto wa SS. Yeye akipata malaria hali yake huwa mbaya zaidi kuliko ya wengine, na wazazi waliosikia nusu ya habari wakaacha kumlaza chini ya chandarua wanamweka hatarini.

Makanisa kadhaa sasa huwaomba wachumba kufanya elektroforezi kabla ya ndoa. Ni vizuri wachumba kujua. Lakini kipimo cha wachumba hakimsaidii mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na pale kinapogeuka sheria ya kuvunja uchumba kinaongeza aibu juu ya ugonjwa ambao tayari umejaa aibu.

Kupima kwanza

Yote yanarudi kwenye kipimo. Mtoto anayejulikana ni SS katika wiki za kwanza anaweza kupewa penisilini, ambayo utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba inapunguza maambukizo makali ya pneumokoki kwa asilimia 84. Anaweza kupata chanjo ya pneumokoki, iliyo tayari katika kalenda ya chanjo ya RDC. Mama anafundishwa kugusa tumbo na kujua wengu umevimba. Baadaye inakuja hidroksiyurea. Katika REACH mtoto alipaswa kuwa na angalau kilo 10. Bila kipimo hakuna lolote kati ya hayo linaloanza.

RDC ina programu ya taifa ya kupambana na drepanositozi, lakini kupima kila mtoto anapozaliwa hakujawa kawaida nchini kote. Kwa muda mrefu kisingizio kilikuwa labo: mashine ya Kinshasa iliyosoma karatasi 31,204 haiwezi kuwekwa kila mahali. Kisingizio hicho kimedhoofika. Kuna vipimo vya haraka vinavyotumia tone la damu na kutoa jibu palepale bila umeme. Kimoja, HemoTypeSC, kilijaribiwa kwa watoto wa kusini-mashariki ya Uganda na mwaka 2019 ikachapishwa kwamba majibu yake yalikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99. Watafiti wa Kisangani nao wamekijaribu mjini kwao.

Wakati huohuo, habari kubwa za SS duniani zimehamia kwenye matibabu ya kubadilisha chembe za urithi. Desemba 2023 Marekani iliruhusu mawili, moja likiwa na bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, lingine milioni 3.1. Hayo ni mafanikio ya kweli, na kwa sasa hayana uhusiano wowote na mtoto wa Uvira. Hidroksiyurea haina mmiliki anayeifungia bei, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Pengine hilo ndilo linaloifanya isiwe na watetezi: hakuna kampuni itakayotajirika kwa kuifikisha Kindu.

Majirani wamekwisha kuonyesha njia ya bei nafuu ya kuanza. Ng'ambo ya mto Semliki, upande wa Bundibugyo, wachunguzi wa mwaka 1949 walikuta hadi asilimia 45 ya Baamba wakiwa na chembe ya urithi ya SS, na mpaka haukati damu ya watu wanaoishi pande zote mbili, Uganda na eneo la Beni. Uganda ilipotaka kujua ukubwa wa tatizo nchini kote, haikujenga kitu kipya. Ilichukua karatasi za damu kavu zilizokwisha kukusanywa kwa watoto kwa ajili ya kipimo cha VVU, ikazipima tena kwa SS. Karatasi 97,631 zilipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: asilimia 13.3 walikuwa na chembe moja ya urithi, asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa, na ramani ikaonyesha wilaya za kuanza nazo.

RDC nayo hukusanya karatasi kama hizo kwa watoto wa akina mama wenye VVU. Zinatoka Bukavu, Bunia, Kisangani na Lubumbashi, zinasomwa kwa VVU, kisha zinahifadhiwa ama kutupwa. Damu ya kujibu swali la pili imo ndani ya karatasi hizohizo.